Umeme Utafika Lini, na kwa Uwezekano Gani?

Tarehe 24 Novemba 2024 ilikuwa siku ya mwisho kwa mita za LUKU, za umeme wa kulipia kabla, ambazo hazijaboreshwa kupokea umeme mpya. Siku hiyo ilikuwa moja kwa Kidia kule Old Moshi, kwa Mbagala, kwa Kisumu na kwa miji ya Afrika Kusini, popote penye mita zinazofuata kiwango kilekile cha kimataifa. Nyaya zilikuwa nzima na mitambo ilikuwa inazunguka. Kilichokuwa kinakwisha ni nafasi ya kuandikia namba.

Kila tokeni, yaani ile namba ya tarakimu 20 anayoiingiza mteja kwenye mita, hubeba ndani yake, kwa siri, wakati ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa dakika hizo ni biti 24, kwa hiyo zinaenea dakika 16,777,216 na haiongezeki hata moja. Zigeuze ziwe miaka, unapata miaka 31 na karibu miezi 11. Mita huzitumia dakika hizo kuzuia udanganyifu: hukumbuka tokeni zilizokwisha kuingizwa na hukataa iliyo kongwe kuliko zote inazozikumbuka, ili namba moja isitumike mara mbili. Hesabu ikirudi sifuri, tokeni iliyonunuliwa asubuhi ya leo ingeonekana ya mwaka 1993. Ndiyo sababu mwaka 2024 shirika la umeme, TANESCO, liliwapelekea wateja makundi matatu ya tarakimu 20 kwa mpigo: mawili ya kubadili ufunguo wa mita, la tatu la uniti zenyewe. Ilikuwa kazi ya kuvaa miwani na kumwita mjukuu asome. Kiwango kimeweka mwanzo mpya wa hesabu, 1 Januari 2014, na kwa biti zilezile 24 nafasi itajaa tena tarehe 24 Novemba 2045.

Mimi naliona jambo hili kama mfano mwema. Tatizo lilijulikana miaka mingi kabla, tarehe yake ilipatikana kwa kalamu na karatasi, na nchi ziliweza kujipanga. Lilinganishe na yaliyotokea Mei 2021, ununuzi wa umeme wa LUKU ulipokwama kwa siku kadhaa na watu wakalala gizani huku fedha wanazo mkononi. Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, aliwasimamisha kazi maofisa wa TEHAMA wa shirika. Kumsimamisha mtu ni jibu la swali la nani. Maswali mengine yalibaki pale pale: mfumo ule ulitarajiwa kujibu ndani ya sekunde ngapi, ulitarajiwa kushindwa mara ngapi kwa mwaka, na ukishindwa ulitarajiwa kurudi baada ya saa ngapi? Mfumo ambao haujawahi kuwekewa namba hizo hauwezi kusemwa kwamba umevunja ahadi, kwa sababu haukuahidi kitu.

Ipo taaluma nzima ya kuuliza maswali hayo kabla mfumo haujawashwa. Wanasayansi wa kompyuta huunda modeli ya mfumo, yaani maelezo ya kihesabu ya hali zake zote na njia za kutoka hali moja kwenda nyingine, kisha huipa kompyuta kazi ya kuzipitia zote na kutoa jibu: ndiyo, hapana, au namba. Huo ndio uhakiki. Pale hali zinapotegemea saa, modeli huwekewa saa. Pale zinapotegemea bahati, huwekewa uwezekano. Taaluma hiyo ina nusu karne sasa, na mengi yake yanapatikana bure. Hoja yangu ni kwamba Tanzania inanunua, inajenga na inategemea mifumo ya aina hii kila siku bila kuitaka ihakikiwe hivyo, na kwamba kazi hiyo tunaiweza.

Mtu wa Old Moshi ana sababu ya kulielewa swali hili haraka kuliko wengi, kwa sababu mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, nao ni mfumo wa saa na bahati. Maji yanachepushwa kutoka mtoni juu huko, yanashuka kwa mteremko uliopimwa kwa macho na uzoefu, na yanagawanywa kwa zamu. Usiku yanalimbikwa katika nduwa, bwawa dogo la udongo, na asubuhi nduwa inafunguliwa ili mkondo uwe na nguvu ya kufika kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya mbali. Wapare nao wana mabwawa ya namna hiyo, wanayaita ndiva. Zamu ni kanuni ya wakati: fulani anaanza saa fulani, na asipokuwepo maji yanampita. Mvua na kina cha mto ni bahati. Mwenye kihamba cha mwisho hahitaji kuambiwa kwamba mfongo "unafanya kazi". Anataka kujua kama maji yatamfikia kabla jua halijazama, na katika siku kumi za Januari ni ngapi zitamwacha mkavu.

Tuitazame nduwa hiyo kwa karibu. Tuseme kila asubuhi ina hali mbili tu, imejaa au iko nusu. Kwa ajili ya mfano tu, tuchukue kwamba ikiwa leo imejaa, uwezekano wa kujaa kesho ni 0.7, na ikiwa leo iko nusu, uwezekano wa kujaa kesho ni 0.4. Namba mbili hizo zinatosha kutoa majibu mengi. Kwa muda mrefu, nduwa itakuwa imejaa siku 4 katika kila 7, yaani asilimia 57 hivi. Na ikiwa leo imejaa, uwezekano wa kuwa nusu kwa siku tatu zinazofuata mfululizo ni 0.3 mara 0.6 mara 0.6, yaani 0.108, zaidi kidogo ya mara moja katika kumi. Kamati ya mfongo ikiwa na daftari la kina cha nduwa kwa viangazi viwili, inaweza kuweka namba zake yenyewe badala ya hizi zangu na kuamua kama zamu zinafaa kubadilishwa kabla ukame haujawakuta.

Hesabu ya namna hii inaitwa mnyororo wa Markov, kwa jina la Andrei Markov wa Urusi. Kesho inategemea leo tu, na historia ya juzi haina neno. Mwaka 1913 Markov alichukua herufi 20,000 za utenzi wa Pushkin na kuhesabu kwa mkono mara ngapi irabu inafuata irabu na mara ngapi inafuata konsonanti. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1909, Agner Krarup Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alikuwa ametoa hesabu ya simu zinazoingia kwa nasibu kwenye kituo kimoja. Baadaye, mwaka 1954, Patrick Moran alitumia hesabu za jamii hiyo kwa mabwawa ya maji: kina cha kesho ni kina cha leo, ongeza kinachoingia, toa kinachotoka. Nduwa ya Old Moshi na bwawa la Nyumba ya Mungu kule chini, ambalo hupokea maji ya milima hii kabla hayajaendelea kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, zinaingia katika modeli ya Moran bila kulazimishwa.

Upande wa kompyuta ulianza mbali kidogo na uwezekano. Mwaka 1977 Amir Pnueli wa Israeli alipendekeza kuwa programu zihakikiwe kwa mantiki ya wakati, lugha yenye maneno kama "daima", "hatimaye" na "mpaka". Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Edmund Clarke na Allen Emerson huko Marekani, na Joseph Sifakis pamoja na Jean-Pierre Queille huko Ufaransa, walionyesha kuwa kompyuta inaweza kuikagua modeli yenyewe, hali moja moja, bila mtu kuandika uthibitisho kwa mkono. Clarke, Emerson na Sifakis walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2007 kwa kazi hiyo. Pnueli alikuwa ameipata ya mwaka 1996.

Lakini "hatimaye" ni neno la mtu mwenye subira sana. Anayenunua umeme saa moja usiku, uniti zikiwa zimebaki sifuri na nukta kadhaa, hafarijiki akiambiwa namba zitafika hatimaye. Anataka zifike kabla chakula hakijaharibika kwenye friji. Hapo ndipo Rajeev Alur na David Dill walipoingia, katika kazi waliyoitoa kikamilifu mwaka 1994: modeli zenye saa za kweli zinazotiririka, ambazo zinaweza kurudishwa sifuri na kulinganishwa na kikomo, kama "sekunde 30 zikipita bila jibu, rudi mwanzo". Ugumu ni kwamba saa ina nyakati zisizo na idadi kati ya sekunde moja na inayofuata, na kompyuta haiwezi kuzipitia zote. Alur na Dill waliona kwamba haina haja. Kama vikomo vyote ni namba kamili, nyakati zinaweza kugawanywa katika makundi yenye idadi, na nyakati mbili za kundi moja hazitofautiani kwa lolote ambalo mfumo unaweza kulitambua. Kisicho na mwisho kikapata mwisho. Kwangu mimi hilo ni kati ya mawazo mazuri kabisa katika fani nzima.

Mwaka 1995 vyuo vya Uppsala, Sweden, na Aalborg, Denmark, vilitoa programu ya UPPAAL iliyojengwa juu ya wazo hilo. Muda si mrefu ilipewa kesi ya kampuni ya Bang & Olufsen, ambayo vifaa vyake vya sauti na picha vilikuwa vinapoteza ujumbe mara chache chache, na majaribio ya kawaida hayakuweza kuonyesha kwa nini. Modeli ilionyesha hatua kwa hatua mfuatano wa matukio unaoleta kosa. Kwa upande wa uwezekano, Marta Kwiatkowska na wenzake Gethin Norman na David Parker walijenga PRISM huko Birmingham, na baadaye Oxford. Programu hiyo inaulizwa swali kama "ni uwezekano gani mkubwa kabisa kwamba ujumbe haujafika ndani ya sekunde 60?" na inajibu kwa namba.

Mara nyingine namba hiyo inashangaza. Katika itifaki ya FireWire, vifaa viwili vikigongana kwa sababu kila kimoja kinataka mwenzake awe kiongozi, kila kimoja hurusha sarafu kuamua kisubiri kidogo au kisubiri sana kabla ya kujaribu tena. Mtu angedhani sarafu ya haki ndiyo bora. Uhakiki ulionyesha kuwa sarafu inayopendelea kidogo upande wa kusubiri kidogo inaweza kumaliza mzozo mapema zaidi kwa wastani. Migongano inaongezeka, lakini kila mmoja unakuwa mfupi.

Sasa turudi kwenye ununuzi wa umeme, maana hapo ndipo wengi wetu tunakutana na mfumo wa saa na bahati kila wiki. Mteja yuko kihambani, bondeni, mahali ambapo kijiti cha mtandao kinaonekana na kupotea. Ombi lake linatoka kwenye simu, linaingia kampuni ya simu ambako fedha inakatwa, linakwenda kwenye lango la malipo, linafika kwenye mtambo unaotengeneza tokeni, na tokeni inarudi kwa SMS. Hatua tano. Tuchukue, kwa mfano tena, kwamba kila hatua inafanikiwa mara 99 katika 100. Mtu akiambiwa asilimia 99 hufurahi. Lakini hatua tano pamoja zinafanikiwa kwa 0.99 kipeo cha tano, yaani 0.951. Karibu manunuzi matano katika mia yanaanguka mahali fulani.

Mahali gani? Hapo wastani hausaidii, modeli ndiyo inasaidia. Kuanguka katika hatua mbili za kwanza ni usumbufu tu, kwa sababu fedha haijakatwa. Kuanguka katika tatu za mwisho ndiko kunakomfanya mtu aende dukani kwa Mangi akiwa amekasirika: hela imeenda, umeme hamna. Uwezekano wake, kwa namba zetu, ni kama 3 katika 100. Na ndani ya hao watatu mmoja yupo katika hali ya ajabu zaidi: tokeni imeshatengenezwa, imo kwenye mtambo, SMS ndiyo iliyopotea. Huyu akinunua upya atalipa mara mbili. Mfumo wenye njia ya kuuliza tokeni ya mwisho kwa namba ya mita unamwokoa. Mfumo usio nayo unamwambia asubiri saa 24. Tofauti ya mifumo hiyo miwili ni kubwa sana kwa mteja, ilhali ripoti ya mwezi yenye mstari mmoja wa "asilimia 95 ya miamala imefanikiwa" haiionyeshi kabisa.

Mjenzi wa mfumo atasema dawa ni kurudia. Mtambo ujaribu wenyewe mara tatu kabla ya kukata tamaa. Kwa karatasi, dawa hiyo ni kali ajabu: kama uwezekano wa kushindwa mara moja ni 0.0297, uwezekano wa kushindwa mara tatu ni huo kipeo cha tatu, kama 26 katika milioni. Kutoka watu watatu katika mia hadi watu 26 katika milioni, bila kununua mashine hata moja.

Hapo ndipo penye mtego, na ningependa kila anayesaini mkataba wa TEHAMA aujue. Hesabu ya kipeo ni halali ikiwa majaribio matatu hayahusiani. Ikiwa lango la malipo limezimika kwa saa mbili, kujaribu mara tatu kila baada ya dakika moja ni kushindwa mara tatu kwa sababu ileile, na ile 3 katika 100 inabaki karibu vilevile. Afrika Mashariki ilipata somo hilo waziwazi tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika siku moja katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mtu aliyepiga hesabu kwa kudhani kila waya uko chini siku moja katika mia, na kwamba hazihusiani, angesema zote mbili zitakuwa chini kwa pamoja siku moja katika 10,000, yaani mara moja katika miaka 27. Lakini nyaya zinazopita sakafu ileile ya bahari zina adui mmoja. Vivyo hivyo kwa mnara wa simu na mtambo wa umeme wa mtaani: umeme ukikatika na betri za mnara zikiisha, vyote vinazimika pamoja, tena saa ileile ambayo kila mtu anataka kununua umeme au kupiga simu kuuliza. Modeli nzuri inaweka sababu ya pamoja kama hali inayojitegemea na kuipa uwezekano wake. Modeli mbaya inazidisha tu.

Kurudia kuna gharama nyingine pia. Tukichukua foleni rahisi kabisa ya jamii ya Erlang, yenye mtambo mmoja unaoweza kuhudumia maombi 100 kwa sekunde, maombi 90 yakija kwa sekunde kila moja hukaa kwa wastani sehemu ya kumi ya sekunde. Yakija 99, wastani unapanda hadi sekunde nzima. Ongezeko la asilimia 10 limezidisha muda mara kumi. Jioni ya mwisho wa mwezi, watu wakianza kubonyeza tena kwa kuwa jibu linachelewa, ni ule ubonyezaji wenyewe unaousukuma mtambo kutoka 90 kwenda 99, na ukifika 100 foleni haina mwisho.

Na kubonyeza huko hakufai kupewa uwezekano kirahisi. Mtambo unaweza kupewa: unaharibika mara kadhaa kwa mwaka, tunazo kumbukumbu. Binadamu ana uamuzi wake. Ndiyo maana modeli zenye nguvu zaidi katika fani hii huchanganya vitu viwili, bahati ya mashine na hiari ya mtu au ya mratibu wa mfumo, na hazitoi namba moja bali mbili: uwezekano mdogo kabisa na mkubwa kabisa, kwa kila namna ambavyo hiari hiyo inaweza kutumika. Msingi wake ni kazi ya Richard Bellman ya miaka ya 1950. Mimi nauona kuwa ndio uungwana wa fani hii: haidai kujua mteja atafanya nini. Inasema, hata akifanya lolote, kosa halitazidi kiasi hiki.

Tumeona pia bei ya kudai kujua. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, safari namba 302, iliruka Addis Ababa kuja Nairobi na kuanguka dakika sita baadaye. Walikufa wote 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Zaidi kidogo ya miezi minne kabla, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeanguka Indonesia na kuua watu 189. Programu iliyoitwa MCAS, iliyosukuma pua ya ndege chini, ilitegemea kihisio kimoja tu cha pembe, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Katika tathmini ya usalama, kampuni ya Boeing ilichukulia kwamba rubani angetambua tatizo na kuanza kulirekebisha ndani ya sekunde nne. Uchunguzi wa Bunge la Marekani, uliotolewa Septemba 2020, ulionyesha kwamba mwaka 2012 rubani wa majaribio wa kampuni yenyewe, akiwa kwenye mashine ya kuigiza, alichukua zaidi ya sekunde kumi, na akaona kwamba kuchelewa huko ni maangamizi. Sekunde nne ilikuwa kigezo cha wakati. Kihisio kimoja kilikuwa kigezo cha uwezekano. Modeli ambayo ingeiachia hiari ya rubani uhuru wa kuchukua sekunde nne hadi kumi na tano ingetoa uwezekano mkubwa kabisa ambao hakuna mkaguzi angeupitisha. Anayepanda ndege kwenye uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ana haki ya kutaka mkaguzi wa kwao aelewe hesabu hiyo.

Wapo watakaosema majaribio yanatosha: uwashe mfumo, ujaribu wiki mbili, ukiona uko sawa uzindue kwa hotuba. Tufanye hesabu. Kukadiria uwezekano kwa kosa lisilozidi asilimia 1, ukiwa na uhakika wa asilimia 95, unahitaji kuigiza mfumo kama mara 18,445. Kompyuta ya mezani inafanya hivyo kabla chai haijapoa, na njia hiyo, ya uhakiki kwa takwimu, ni halali kabisa kwa makosa ya kawaida. Lakini kudai kwamba kosa la kulipisha mtu mara mbili halizidi moja katika milioni, kwa uhakika uleule, unahitaji majaribio milioni tatu bila kosa hata moja. Ununuzi mmoja kila dakika, usiku na mchana, ungekuchukua zaidi ya miaka mitano na nusu. Kwa makosa adimu yenye madhara makubwa, jaribio la wiki mbili halina la kusema. Hapo unahitaji modeli inayopitiwa yote.

Kuipitia yote nako kuna mipaka. Simu kumi, kila moja ikiwa na hali nne, zinatoa hali 1,048,576 za pamoja. Simu ishirini zinatoa zaidi ya trilioni moja. Huu ndio mlipuko wa hali, na umewatesa watafiti tangu mwanzo. Mwaka 1990 Clarke na wenzake walionyesha namna ya kuyahifadhi makundi ya hali kwa pamoja badala ya moja moja, wakafikia mifumo yenye hali za namba yenye sifuri 20, ambayo kwa sadfa ndiyo idadi ya namba zote zinazoweza kuandikwa kwa tarakimu 20 za tokeni. Mbinu zimeendelea kukua, na programu ya Storm ya Aachen, Ujerumani, ni kati ya matunda ya karibuni. Hata hivyo hakuna anayehakiki benki nzima kwa mpigo. Kinachohakikiwa ni kiungo chake nyeti: namna fedha inavyokatwa, namna ujumbe unavyorudiwa, namna ufunguo wa mita unavyobadilishwa.

Mpaka mkubwa zaidi kwetu hauko kwenye kompyuta. Uko kwenye namba za kuanzia. Nimetumia 99 katika 100 kwa mfano kwa sababu namba halisi, hatua kwa hatua, zimo kwenye kumbukumbu za kampuni za simu, lango la malipo na shirika la umeme, na mwananchi hazioni. TCRA kwa mawasiliano na EWURA kwa nishati zina mamlaka ya kusimamia ubora wa huduma. Lakini zikizidai namba hizo, wastani wa mwezi hautamfaa mchambuzi. Kinachomfaa ni mgawanyo: miamala mingapi ilikamilika ndani ya sekunde 10, mingapi ndani ya dakika moja, mingapi baada ya saa moja, na mingapi ilikata fedha bila kutoa huduma. Hakuna siri ya biashara katika namba hizo nne.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo au wanaweza kuwepo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma na Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, umbali mfupi kutoka Moshi, zina wanafunzi wa TEHAMA na hisabati. PRISM na Storm ni programu huria, na UPPAAL hutolewa bure kwa matumizi ya kitaaluma. Modeli ya nduwa niliyoieleza hapo juu haijazi ukurasa mmoja. Mwanafunzi wa sekondari ya Old Moshi anayejua uwezekano wa kidato cha nne anaweza kuisoma na kuikosoa.

Kwa upande wa serikali, mlango uko kwenye ununuzi. Zabuni za umma sasa zinapita katika mfumo wa NeST, na nyaraka za zabuni ya mfumo wa TEHAMA zinaweza kudai mambo mahususi: mzabuni aeleze kwa namba uwezekano wa muamala kukamilika ndani ya sekunde 60 mzigo ukiwa mara mbili ya kawaida, aeleze ni sababu zipi za pamoja amezihesabu na zipi ameziacha, akabidhi modeli yenyewe pamoja na programu, ili chuo au mkaguzi wa nje airudie hesabu, na aonyeshe kwamba hakuna mfuatano wa matukio, hata mmoja, unaokata fedha ya mteja na kumwacha bila tokeni wala bila njia ya kuirudisha fedha yake. Hilo la mwisho halihitaji uwezekano hata kidogo. Linajibiwa kwa ndiyo au hapana, na mzabuni asiyeweza kulijibu hajamaliza kubuni mfumo anaotaka kutuuzia.